Maswali ya Wasomaji: Resini ya boti imekula bodi yangu

SWALI: Fundi salaam, niko Paje nafanya kazi na watu wa kaiti, wale wanaoteleza baharini wakivutwa na tiara. Kuna mgeni kaniachia bodi ya mawimbi ya epoksi imetoboka ubavuni, tundu la kuingia kidole gumba tu. Nikaiziba kwa resini ya faiba, ile ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, wanayotumia mafundi wa boti pamoja na kitambaa chake, kumbe ndani inayeyuka, sasa shimo ngumi inazama. Resini ilikuwa mbovu au nilikosea vipimo? Na naiokoaje?

JIBU: Salaam ndugu yangu, pole sana. Vipimo hata ungepatia vipi ingeyeyuka tu. Hiyo resini ya boti ni poliesta, na bodi yako ndani ni polistirini, lile povu jeupe la punje punje linalokuja kwenye katoni za TV. Poliesta ina stirini ndani yake, ndiyo ile harufu kali inayokupiga ukipita wanapotengeneza boti, na stirini inayeyusha polistirini. Asetoni nayo hivyo hivyo, na rangi nyingi za kupuliza, kwa hiyo usije ukasafishia hilo shimo kwa asetoni. Epoksi, resini ya aina nyingine ambayo ndiyo ilitumika kwenye bodi yako, haina stirini, inakaa juu ya povu bila kulidhuru.

Na hilo tatizo lako ndilo limeendesha historia ya hizi bodi. Kule California mwishoni mwa miaka ya 1940 mtengeneza bodi Bob Simmons alishaweka polistirini ndani ya bodi, ila resini iliyokuwepo ingelila povu, basi akalifunika kwa plaiwudi juu na chini na mti wa balsa pembeni ndio akapaka faiba, kazi ngumu kweli, mi namheshimu sana huyu mtu. 1958 Hobie Alter na Gordon Clark wakaja na povu la poliurethini ambalo poliesta hailiyeyushi, mambo yakawa rahisi, na kwa miaka mingi karibu wachongaji wote wa bodi wakafuata njia hiyo. Epoksi ilikuwepo muda wote huo lakini bei juu na inachelewa kukauka. Wapo waliong'ang'ana nayo, kama Greg Loehr wa Florida, halafu Randy French wa Santa Cruz na kampuni yake ya Surftech akapeleka kazi Thailand kwenye kiwanda cha Cobra, huko bodi inatoka kwenye moldi, yaani kalibu: polistirini katikati, juu yake karatasi ya povu gumu na kitambaa cha faiba, epoksi, halafu hewa inanyonywa ili vyote vibanane. Kilichofungua mlango hasa ni tarehe 5 Desemba 2005, Clark alipofunga kiwanda chake ghafla, na yeye ndiye alikuwa anawauzia povu wachongaji wengi wa Marekani, watu wakabaki hawana cha kuchonga na wengi ndio wakaigeukia epoksi.

Sasa bodi yako. Kata toa chote kilichoyeyuka na ile resini mpaka ufike kwenye povu zima. Kama imeingia maji ya chumvi suuza kwa maji yasiyo na chumvi, ilaze tundu liangalie chini, kivulini, siku kadhaa, usiianike juani kwani joto linatanua hewa ya ndani na ganda linabanduka. Chonga kipande cha povu la katoni kinachoingia shimoni, kibandike kwa epoksi, piga msasa usawa, halafu kitambaa chepesi cha faiba tabaka mbili, la pili lizidi la kwanza kidogo.

Epoksi usiipimie macho. Poliesta unaweza kucheza kidogo na hadena, ile dawa ya kuigandisha, huku hapana, ukiongeza hadena ili iwahi kukauka itabaki inanata milele. Soma kopo, kama ni mbili kwa moja pima kwa sirinji za duka la dawa, koroga dakika kadhaa ukikwangua pembeni na chini ya kikopo, kisha imwage kwenye sahani pana maana ikikaa kikoponi na joto letu hili inachemka mpaka inatoa moshi. Fanya jioni joto likishuka, hewa ya kwenye povu inasinyaa na kuivuta resini ndani, asubuhi jua likipanda hewa inatanuka na kukusukumia mapovu. Ikikauka ukaona utando wa mafuta mafuta, osha kwa maji kabla ya msasa. Na glavu ni lazima! Wapo mafundi ngozi ilishaikataa epoksi, wakiigusa tu wanavimba, na hali hiyo haiondoki.

SWALI: Nitajuaje resini niliyouziwa ni ipi? Kopo halina lebo. (Msomaji, Diani)

JIBU: Dondoshea tone kwenye kipande cha povu la katoni ya TV. Likitoboka ni poliesta. Na kama bodi yenyewe huijui ya aina gani tumia epoksi, inashika kwenye bodi za poliesta na za epoksi, ila poliesta juu ya epoksi haishiki vizuri.

SWALI: Ile gundi ya epoksi ya tyubu mbili inafaa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa ufa mdogo wa kukuvusha siku hiyo sawa. Kwa kitambaa hapana, ni nzito, haipenyi mpaka ndani ya nyuzi, na zile za dakika tano zinakauka hujamaliza hata kupaka.