Kabla hujamposti mwanafunzi, muulize

Walimu wenzangu, kabla hatujawafundisha watoto adabu za mtandaoni, hebu kila mtu afungue stetasi yake ya WhatsApp aone kuna nini. Siku ya michezo, safari ya Fort Jesus, na yule kijana aliyesinzia kipindi cha mwisho tukamwekea vikatuni vya kucheka. Huyo wa mwisho ndiye aliyenifanya niandike.

Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Kwetu habari hiyo ilipofika watu walicheka kwanza, kisha ofisi nzima ya walimu ikanyamaza, kila mtu kainamia simu yake anafuta. Sheria yenyewe, ya Ulinzi wa Data, ni ya 2019, na kwa mtoto, anayetoa idhini ni mzazi au mlezi.

Siku hizi muhula ukifunguliwa nawapa wazazi fomu fupi: picha ya mwanao iende kwenye ukurasa wa shule, ibaki kwenye kikundi cha wazazi, au isipigwe kabisa? Hata mzazi akikubali, bado namuuliza mtoto. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili aliniambia, "Mwalimu, mimi hapana, sweta imetoboka kiwiko." Basi nikapiga picha ya tuta lao la sukuma wiki, sura zikabaki nje. Wiki hiyohiyo nikawasikia wao kwa wao, kamera ya shule ilipotolewa: "Umemuuliza?" Hapo somo lilikuwa limeingia, na sikuwa nimeandika chochote ubaoni.

Sina ugomvi na mwalimu anayecheza TikTok. Ugomvi wangu ni mtoto wa watu kugeuzwa kivutio cha akaunti ya mwalimu, hasa akaunti yenye matangazo ya biashara. Matokeo nayo usiyamwage kwenye kikundi cha wazazi na majina yake. Mama wa aliyeshika mkia yumo humo pia, na anasoma. Na mwanafunzi akikuandikia inboksi usiku, mjibu kesho, shuleni.

Shule yetu ni ya bweni, simu hazikubaliwi, na wapo wanaodhani basi hakuna cha kufundisha. Ubao unatosha. Msimu wa KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ukikaribia, naandika ujumbe wa matapeli wa Telegram kama ulivyo, na herufi zake kubwa: KARATASI YA KEMIA IPO, TUMA 500 KWA NAMBA HII, MAJIBU SAA NNE USIKU. Halafu nakaa kimya. Darasa lenyewe huanza kuuchana. Pesa itumwe kwanza kwa nini? Jina litakalotokea M-Pesa ni la nani? Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, mtu ashike mtihani wa taifa mkononi, auze soo tano?" Ndipo nikawaeleza kuhusu makontena ya KNEC, baraza la mitihani, yanamofungiwa karatasi, na kwamba walimu wakuu huzichukua karatasi siku ya mtihani wenyewe. Nawapa pia 333, namba ya Safaricom ya kupelekea jumbe za ulaghai, maana likizo itafika na simu za nyumbani zitakuwa mikononi mwao.

Kipindi kinachofuata huwa cha ile mishale miwili ya WhatsApp, inayoonyesha kuwa ujumbe umeshapita mikono mingi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa zaidi ya soga moja kwa wakati mmoja. Waulize kwa nini kampuni iliamua hivyo, uone watakavyobishana.

Utaniambia silabasi haijaisha. Yangu pia haijaisha. Mimi hukipata kipindi hicho ndani ya Kiswahili chenyewe: ujumbe wa tapeli ni ufahamu kamili, wenye msamiati, toni na dhamira ya mwandishi. Zoezi la mwisho huwa baruapepe kwa mzazi, kumweleza kwa nini asitume hiyo mia tano.