Jua limepatwa na nini?

Tarehe 1 Septemba 2016 ilikuwa Alhamisi. Mwanangu wa kwanza alikuwa darasa la pili hapa Dar es Salaam, na saa sita mchana, wakati mwezi ulipokuwa umelifunika jua sehemu kubwa, yeye alikuwa ndani ya darasa lililofungwa madirisha. Mwalimu aliogopa watoto wasije wakaharibu macho. Simlaumu sana, maana hata mimi ningekuwa na watoto hamsini na sina kifaa ningefanya hivyohivyo. Lakini mtoto alirudi nyumbani na swali moja: "Mama, jua limepatwa na nini?"

Nikamjibu kama kitabuni. Nikachora duara tatu kwenye mstari, nikaandika Jua, Mwezi, Dunia. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu. Kesho yake nikamsikia akimweleza mtoto wa jirani kwamba jua lilipatwa na homa, sasa limepona.

Nikacheka, halafu nikaona kosa si lake. Sisi tunasema mtu kapatwa na msiba, kapatwa na maradhi, kapatwa na njaa. Ukimwambia mtoto wa miaka saba kwamba jua limepatwa, lazima atake kujua limepatwa na nini, na mchoro wa duara tatu haumjibu. Bibi yangu wa Pangani angalau alikuwa na jibu: mwezi ukipatwa, alisema umemezwa na chatu, na sisi wajukuu tulitoka uani na masufuria na makopo tukapiga mpaka chatu akautapika. Tulishinda kila mara! Kisha yeye huyohuyo anakwenda kutawadha na kuswali swala ya kupatwa. Hakuona mgongano wowote.

Tangu siku ile naanza na neno lenyewe. Jibu ninalowapa watoto ni fupi: mwezi hupatwa na kivuli, kivuli chetu. Jua halipatwi na kitu. Linaendelea kuwaka vilevile. Siku tunayosema jua limepatwa, tuliopatwa ni sisi, na kilichotupata ni kivuli cha mwezi. Mtoto akishika hilo, mengine yanajipanga yenyewe, hata lile linalowachanganya watu wazima, kwa nini kupatwa kwa mwezi wanakuona watu wa nusu nzima ya dunia ilhali kwa jua kunataka uwe mahali fulani. Mwezi ukiingia kizani, kila anayeuona angani ataona hivyo. Lakini kivuli cha mwezi kinapotua huku kwetu huwa ni doa dogo linalokimbia. Mwaka ule wa 2016 njia yake ilikuwa na upana wa kama kilomita 100 tu, ikapita Rujewa kule Mbarali, ndiyo maana watu walifunga safari mpaka Mbeya wakaone jua limebaki pete. Sisi wa Dar tulikuwa kando ya njia, tukapata jua lililomegwa.

Ila maneno hayatoshi. Fanyeni mchezo huu usiku, hasa umeme ukikatika. Weka tochi ya simu juu ya kabati: hiyo ndiyo jua. Chomeka ndimu kwenye kijiti cha mishikaki: huo ndio mwezi. Dunia ni kichwa cha mtoto mwenyewe. Hapa msifanye kosa langu la kutumia chungwa. Mtoto akiangalia chungwa na ndimu mezani anatazama mambo ya watu wengine. Kichwa chake kikiwa dunia, yumo.

Ashike kijiti mkono umenyooka, aangalie taa, ausogeze mwezi mpaka uizibe. Sasa waulize waliokaa pembeni wanaona nini. Watapiga kelele kwamba kuna doa jeusi usoni mwake. Muulize kivuli kiko juu ya nani? Juu yangu. Na taa imezimika? Haijazimika. Kisha ageuke aipe taa mgongo, ndimu akiwa ameinyoosha mbele yake. Itaingia kwenye kivuli cha kichwa chake. Mwezi umepatwa.

Wa pili wangu, ambaye ni mbishi, aliinua mkono juu kidogo ndimu ikang'aa yote. "Mbona sasa haupatwi?" Nilitaka kumbusu. Huo ndio mwezi mpevu wa kawaida. Njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5 ukilinganisha na njia ya dunia kulizunguka jua, kwa hiyo miezi mingi hupita juu au chini ya kivuli chetu, na mwezi mchanga nao kivuli chake hutukosa. Nusu saa ya maelezo yangu isingefika hapo. Mkono wa mtoto ulifika wenyewe, kwa bahati tu.

Swali la mwezi mdogo kuliziba jua kubwa ni rahisi kuliko linavyoonekana. Mtoe nje, afumbe jicho moja, aufunike mwembe kwa kidole gumba. Kidole kimeuzidi mwembe? Jua ni pana mara 400 kuliko mwezi, na liko mbali mara 400 hivi, basi yanaonekana karibu sawa. Wakubwa kidogo wapeni vipimo: dunia ikiwa mpira wa miguu, mwezi ni ndimu kubwa iliyowekwa karibu mita 7 kutoka kwenye mpira, na jua ni kitu chenye upana wa mita 24 kilichoko zaidi ya kilomita mbili na nusu. Hesabuni vituo vya daladala.

Mwezi wenyewe ni mwalimu mzuri zaidi kwa wadogo, kwa sababu hauna hatari yoyote kwa macho. Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 tulitandika mkeka barazani na watoto wa kaka yangu. Ulianza kumegwa karibu saa moja na nusu usiku, ukaingia wote kivulini saa mbili na nusu, ukaanza kutoka karibu saa nne kasorobo. Ulipogeuka rangi ya shaba, mdogo kabisa akanishika kanga: "Shangazi, nani atakufa?" Kasikia wapi, sijui. Nikamkumbusha alichofundishwa madrasa, kwamba Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim jua likapatwa siku hiyo, na akawaambia watu kuwa jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kifo cha mtu wala uhai wake. Akatulia. Ndipo nikamweleza wekundu: hewa inayoizunguka dunia hupindisha mwanga kidogo ukapenya mpaka kwenye mwezi, na unaopenya ni ule mwekundu wa machweo. Ukiwa umesimama mwezini usiku ule, ungeona machweo na mapambazuko ya dunia nzima yameizunguka kama pete.

Na mtazame ukingo wa kivuli mwezi unapomegwa. Ni wa mviringo kila mara. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilitumia hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kuonyesha kuwa dunia ni duara.

Kwa jua, sina mzaha. Miwani ya jua ya kawaida, picha ya eksirei, sahani ya CD, kuliangalia kwenye ndoo ya maji: yote hayo tuliyaona mtaani 2016 na hakuna hata moja lililo salama. Nyuma ya jicho hakuna maumivu, mtoto anaungua asijue. Miwani maalumu iwe na alama ya ISO 12312-2, na isiwe na mkwaruzo. Ukiikosa, mgeuze mtoto alipe jua mgongo, kisha shika juu ya karatasi nyeupe kile kijiko cha matundu cha kuopolea bajia. Kila tundu litaangusha kijijua kilichomegwa. Biskuti yenye vitundu inafaa pia, ingawa kwangu haikudumu. Na chini ya mwembe ardhi nzima hujaa hilali, kwa kuwa mianya ya majani ni matundu vilevile.

Jua litapatwa tena Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027. Watakaokuwa Luxor, Misri, watakaa gizani zaidi ya dakika 6. Njia itapita Jeddah na Makka pia, halafu Yemen na ncha ya Somalia. Kwetu litamegwa tu, tena si sana, kwa hiyo msiwaahidi watoto giza wala kuku kwenda kulala. Waahidini hilali chini ya mwembe. Wangu wa kwanza atakuwa mkubwa wa kunizidi kimo wakati huo, lakini keshaniambia kijiko cha bajia siku hiyo ni chake.