Barua kwa mwanangu: kuhusu dawa alizokutajia daktari

Mwanangu,

Marahaba. Nimelisoma swali lako. Daktari amekutajia lithiamu, valproeti na kwetiapini kwa ajili ya baipola yako, huo ugonjwa wa akili unaopandisha hisia mno kisha kuzishusha mno, nawe unataka kujua mimi, niliyezeekea kazini kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, ningekushauri ipi.

Valproeti naomba uiweke pembeni. Inamtuliza mtu ambaye hisia zimempanda, sikatai, lakini wewe unaolewa Desemba na unataka mtoto. Katika kila watoto 10 ambao mama zao waliimeza wakiwa wajawazito, mmoja hivi huzaliwa na kasoro, na watatu au wanne huchelewa kutembea, kuongea au kushika masomo. Akikuandikia hiyo, mwambie habari za ndoa palepale, usione aibu.

Moyo wangu uko kwa lithiamu. Inatumika tangu Dakta John Cade wa Australia alipoandika habari zake mwaka 1949, na inajulikana kwa kupunguza watu kujiua. Kwangu hilo ni kubwa. Sijasahau lile juma ulilolala umegeukia ukuta, hata uji hutaki. Ugumu wake ni kwamba dozi inayotibu na inayodhuru zimekaribiana mno. Ndiyo maana damu hupimwa kiwango cha lithiamu, zikiwa zimepita saa 12 tangu dozi ya mwisho, kwa hiyo siku ya kipimo kidonge cha asubuhi kisubiri mpaka utolewe damu. Figo na thairoidi, ile tezi ya shingoni, nazo zipimwe kabla hujaanza, kisha mara kwa mara. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usijinunulie dukani, zinaipandisha lithiamu mwilini. Ukiharisha sana, ukatetemeka mikono na kuyumba, nenda hospitali siku hiyohiyo. Nayo ina hatari zake kwa mimba, hasa miezi ya mwanzo, ila mpango wa kubeba mimba uzungumzwe na daktari kabla, na usiiache ghafla kwa uamuzi wako.

Kwetiapini haihitaji kupimwa kiwango chake kwenye damu, na inasaidia ukiwa umepanda na ukiwa umeshuka. Lakini inalaza, inanenepesha na inaweza kuleta sukari, na bibi yako unajua anavyohangaika na kisukari. Hata hivyo, kama maabara ya huko haipimi lithiamu, afadhali hiyo kuliko kumeza lithiamu bila kipimo.

Kwa hiyo Jumatatu anza na swali la maabara. Nauli nimekutumia kwenye simu.

Mama yako