Joto la tanuri likishakuwa kali sana, kulipandisha zaidi hakuharakishi sana kuungua kwa makaa ya mawe

Ndugu, umeuliza kwa nini chembe za makaa ya mawe, zikishatoa gesi zake, haziungui haraka zaidi ingawa umezidi kupandisha joto. Tatizo lako ni oksijeni.

Joto likiwa la chini, mmenyuko wenyewe, yaani kaboni ya makaa kuungana na oksijeni, ndio wa polepole. Oksijeni ina muda wa kupenya hadi ndani kabisa ya vitundu vya chembe, kwa hiyo chembe huliwa kutoka ndani: ukubwa haubadiliki sana, lakini inazidi kuwa nyepesi na yenye matundu. Hapo kuongeza joto kidogo tu kunasaidia mno.

Joto likiwa la wastani, oksijeni huishia njiani kabla ya kufika kiini. Chembe hupungua uzito na kipenyo kwa pamoja.

Joto likiwa kali sana, kila oksijeni inayogusa uso humalizwa papo hapo. Kinachochelewesha sasa ni safari yake kupitia tabaka la gesi linaloizunguka chembe. Nakushauri usiongeze joto tena. Saga makaa yawe laini zaidi: katika hali hii, kwa chembe ndogo, ukipunguza kipenyo kwa nusu, muda wa kuungua hushuka hadi takriban robo. Hakikisha pia hewa inachanganyika vizuri.