Lubugo iache kwanza

Wewe uliyeanza kupaka picha za watu juzi, najua utauliza wanachouliza wenzako: lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, inauzwa wapi? Mmeziona kazi za Michael Armitage, mchoraji wa Kenya anayepaka rangi juu ya lubugo, mkaamini uchawi uko kwenye kitambaa. Hata mimi niliamini.

Nilinunua kipande, nikakiwamba kwenye fremu, nikakivamia na rangi ya mafuta siku hiyohiyo bila kupaka gundi ya kutangulia, ile inayozuia kitambaa kisinywe rangi. Kitambaa kikainywa rangi. Baada ya wiki, uso wa mama muuza samaki ulikuwa doa la kahawia lililozungukwa na mafuta. Tundu la kitambaa lilikuwa limeangukia jichoni, nami nikalitia kiraka. Kiraka kile kinaniuma kuliko gundi niliyoiruka.

Maana Armitage hafichi. Matundu, makunyanzi na mishono anaviacha, kisha mtu na mti vinatafuta nafasi yao humo. Alizaliwa Nairobi 1984, akasomea London, chuo cha sanaa cha Slade na kisha shule ya sanaa ya Royal Academy aliyomaliza 2010. Lubugo aliikuta soko la watalii Nairobi, inauzwa kama kitu cha ukumbusho. Kwa Baganda wa Uganda ni gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao, vazi la kutawazia kabaka, mfalme wao, na sanda ya kuzikia. Ukipaka rangi juu ya sanda, huwezi kujifanya umepaka juu ya karatasi.

Wengi hawatazami alikotembea. Kabla ya picha zake za uchaguzi wa 2017, alikwenda Uhuru Park na waandishi wa televisheni, akasimama kwenye mkutano wa upinzani. Humo ndimo ilimotoka picha yake The Fourth Estate, watu wamejazana mtini. Mti huo pia una deni kwa Goya, mchoraji wa zamani wa Hispania, aliyewahi kuketisha watu juu ya tawi. Macho mawili: moja mtaani, moja kwa waliotangulia. Na si wa Ulaya tu. Kwenye maonyesho yake ya Munich na London, 2020 na 2021, aliweka pia kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki, kina Jak Katarikawe na Sane Wadu. Hao uwatazame kabla yake.

Kesho chukua penseli na karatasi ya kaki, ukae stendi ya matatu. Mchore kondakta anavyoning'inia mlangoni: bega lililopanda, mguu mmoja hewani, noti zimekunjwa katikati ya vidole. Hatakungoja, kwa hiyo mchore mara arobaini. Lubugo utanunua baadaye. Na siku hiyo, gundi kwanza, uiache ikauke usiku kucha.