Mwalimu Anapouliza "Tumeelewana?": Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma na Tabora

SWALI: Mshauri, salaam. Ninafundisha Sayansi darasa la sita katika shule ya msingi wilayani Kasulu. Hivi karibuni, wakati wa mapumziko, niliwakuta wanafunzi wangu nyuma ya darasa wakiniigiza. Mmoja alikuwa ameshika kijiti mfano wa chaki, anakirusha juu na kukidaka, na kila baada ya sentensi anauliza "tumeelewana?", nao wenzake wanaitikia "ndiyooo" huku wakivunjika mbavu. Sikuwaadhibu, lakini tangu hapo nikisimama mbele ya darasa ninajihisi kama mchekeshaji. Je, mazoea haya yanaharibu ufundishaji wangu? Nitayaachaje? (Mwalimu wa Sayansi, Kasulu)

JIBU: Mwalimu, pole, ingawa sidhani kama yupo mwalimu aliyedumu kazini asipewe jina la utani linalotokana na mwendo wake au neno analolirudia. Mtu anayewaza somo, muda na utulivu wa watoto themanini kwa wakati mmoja hana nafasi ya kuuchunga mwili wake na ulimi wake, kwa hiyo viwili hivyo hujiendesha vyenyewe. Wanafunzi ndio wanaotutazama saa zote, nao huyajua mazoea yetu kabla yetu.

Ningependa utenganishe mambo mawili uliyoyataja, kwa kuwa hayana uzito sawa. Kurusha chaki hakumdhuru mtu yeyote, na ukianza kupambana nako utajikuta unafundisha huku umejikaza kama askari wa gwaride. Kuache. Hilo "tumeelewana?" ndilo linalostahili kutazamwa kwa jicho kali, kwa sababu ni swali lenye jibu moja tu linalokubalika. Mtoto ambaye hakuelewa angelazimika kupingana peke yake na darasa zima lililokwisha kuitikia, jambo ambalo hata mtu mzima kwenye mkutano wa kijiji hulikwepa. Mwaka 1996 mtafiti Keith Chick alichapisha uchambuzi wa somo la Hisabati katika shule moja ya KwaZulu, Afrika Kusini, akaonyesha kwamba kuitikia kwa pamoja kuliwapa mwalimu na wanafunzi namna ya kuonekana kuwa somo linaendelea vizuri bila yeyote kuaibika, hata pale ambapo kujifunza kwenyewe kulikuwa kudogo. Nikiyatazama madarasa yetu, naona jambo lile lile.

Tabia hiyo ina ndugu yake, na sitashangaa ukiwa nayo pia, maana ni ya walimu wengi wa nchi hii: kulikata neno katikati na kupandisha sauti ili darasa limalizie. "Mmea hujitengenezea chakula kwa njia ya usanisi...?" Darasa linajibu "nuruuu!" na mwalimu anasonga mbele akiwa ameridhika. Aliyejibu hivyo ameonyesha kwamba anajua neno linavyomalizikia, na hajasema lolote kuhusu jani, mwanga wala maji.

Liko pia suala la ukimya. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za masomo ya Sayansi ya shule za msingi, akakuta kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, walisubiri kwa wastani wa sekunde 1 hivi kabla ya kulirudia, kulijibu wenyewe au kumwita mtoto mwingine. Walimu waliozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi walianza kupata majibu marefu na yenye hoja, watoto walioshindwa kujibu wakapungua, na wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe. Rowe alisisitiza pia kusubiri kwa pili, yaani baada ya mtoto kujibu, kwa kuwa mara nyingi sehemu bora ya jibu huja pale anapodhani amemaliza kisha akaongeza neno. Katika wilaya yako, ambako wapo watoto ambao nyumbani huzungumza Kiha tu, sekunde hizo zina kazi ya ziada, kwani anayetafuta jibu hutafuta pia maneno ya kulisemea.

Sikushauri ujiwekee marufuku. Neno la mazoea likizuiwa tu, jingine huingia mahali pake, na utasikia "sawasawa?" ikichukua zamu. Panga, kwenye andalio lako la somo, swali moja litakalosimama mahali pa "tumeelewana?", kwa mfano: "Kwa nini sehemu ya jani tuliyoifunika kwa karatasi nyeusi haikugeuka rangi tulipoidondoshea ayodini?" Liulize mara moja, kisha nyamaza, usitaje jina la mtu mapema. Ukimya huo utakusumbua wewe zaidi ya watoto, na hapo ndipo ile chaki itakapokufaa: irushe na kuidaka hadi mtu aanze kufikiri kwa sauti. Ukitaka kujua hali yako halisi, weka simu mezani irekodi sauti yako kipindi kimoja, usikilize dakika 10 za katikati ukiwa peke yako, kisha uifute. Dakika za mwanzo hazifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa bado unakumbuka kwamba unarekodiwa.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule moja ya Manispaa ya Tabora. Mwalimu mmoja, hodari na mkubwa kwangu kiumri, hufundisha akiwa ameugeukia ubao, na anapouliza maswali huwaita wale wale wa madawati ya mbele. Nitamwambiaje bila kumvunjia heshima? (Mtaaluma, Tabora)

JIBU: Kuhusu ubao, jibu ni fupi: sauti inayoelekezwa ukutani haiwafikii wa nyuma, kwa hiyo mtu aandike kwanza, ageuke, ndipo aseme. La madawati lina historia. Mwaka 1970 Raymond Adams na Bruce Biddle, waliochambua masomo yaliyorekodiwa kwa video, walieleza kwamba wanafunzi wanaoshiriki zaidi hukaa mbele katikati na kwenye mstari unaoshuka katikati ya darasa. Mwalimu huwaita anaowaona, na anaowaona hutegemea mahali alipozoea kusimama, kwa hiyo usimhukumu mzee wako kwamba anapendelea.

Usianze kwa kumkagua. Mwombe yeye kwanza aje akae nyuma katika kipindi chako, umpe karatasi yenye mchoro wa madawati, atie alama kila unapomwita mwanafunzi au kumtazama anapojibu. Mkiuangalia pamoja huo mchoro wako, ambao naamini utakuwa na kona tupu, mwenyewe atataka kuuona wa kwake, na hutahitaji kumweleza lolote. Akizisoma alama zake, muulize angependa kusimama wapi wiki ijayo.

Tuliopita chuo cha ualimu tunakumbuka kufundisha dakika chache mbele ya wenzetu kisha kuambiwa tumefanya nini kwa mikono na macho yetu. Utaratibu huo ulianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963. Inasikitisha kwamba kwa wengi huishia chuoni. Baada ya hapo mwalimu hubaki peke yake darasani hadi kustaafu, na anayekuja kumtazama ni mthibiti ubora wa shule, ambaye siku ya ujio wake kila mtu huwa mwingine.

SWALI: Mwanangu wa darasa la tatu anasema mwalimu wao, mtoto akikosea, husema "kaa chini, mwingine!" Siku hizi hanyooshi mkono tena. Niende kwa mwalimu mkuu? (Mama, Urambo)

JIBU: Mama, nenda kwanza kwa mwalimu mwenyewe. Yawezekana kabisa kwamba hajui kuwa anasema hivyo, maana ni maneno ambayo pengine aliyasikia tangu yeye alipokuwa mwanafunzi. Mweleze alivyosema mtoto na kilichobadilika nyumbani, bila kumwambia jinsi ya kufundisha. Mwombe tu amuulize mwanao, akikosea, amefikaje kwenye jibu hilo. Nenda baada ya vipindi, mkiwa wawili. Kikao cha wazazi si mahali pa jambo hili, kwa kuwa mwalimu aliyeshtukizwa mbele ya watu atajitetea badala ya kusikiliza. Ukiona baada ya wiki chache hali ni ile ile, ndipo umwone mwalimu mkuu.