Mazoezi baada ya kansa: maswali yenu mlioko Marekani

Juzi niliandika hapa kwamba wanawake weusi Marekani hawapati kansa ya matiti kuwazidi wazungu ila wanakufa nayo zaidi, karibu asilimia 40 zaidi, nikagusia na mazoezi kidogo tu. Basi inbox ikajaa. Leo najibu machache.

Nimekatwa titi na kutolewa tezi za kwapani. Shangazi hataki nibebe hata mfuko wa mchele, anasema mkono utavimba. Ni kweli? (Mama Wawili, Houston)

Shangazi hajatunga, zamani hata madaktari walikuwa wanasema hivyohivyo. Ila 2009 mtafiti wa Marekani Kathryn Schmitz na wenzake walitoa utafiti wa wanawake ambao mkono ulikuwa umeshavimba tayari, wakanyanyua vyuma mara 2 kwa wiki huku mkono umevaa ile soksi ya kubana, wakianza na uzito kiduchu na kuongeza polepole sana, na kwa ujumla uvimbe haukuongezeka, tena ambao hali ya mkono ilizidi kuwa mbaya walikuwa wachache kuliko wale ambao hawakunyanyua kitu. Kwa hiyo unaweza kuanza na chupa ya maji ya nusu lita, mtu wa fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) akuelekeze.

Kazi ipo kwa shangazi. Kwetu mgonjwa anapumzishwa, ndo upendo wenyewe huo, na mtu aliyekukorogea uji usiku wa manane ukimwambia "umekosea" anasikia kama unamfukuza. Usibishane naye. Nenda naye siku ya fizio, amsikie mtaalamu kwa masikio yake, halafu mpe kazi ya kukuhesabia, utashangaa atakavyokuwa mkali ukiruka siku.

Nywele zimerudi baada ya kemo (zile dawa kali za kansa), nimesuka kwa hela ndefu, jasho linaziharibu. Kazini wananicheka nikisema ndo maana siendi jimu.

Waache wacheke. 2011 Regina Benjamin, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani na mwanamke mweusi kama wewe, alienda mpaka kwenye maonyesho ya nywele Atlanta kulizungumzia hilihili, kwa hiyo sio utoto. Na wewe ulizipoteza zote ukazisubiri. Mazoezi ya jasho yaweke karibu na siku ya kuosha, siku zingine tembea tu, na msusi mwambie asivute, nywele za baada ya kemo bado ni changa.

Mume wangu ana kansa ya tezi dume, yuko kwenye sindano za homoni. Amenenepa, anachoka, mazoezi hataki kusikia. Kanisani hakuna hata anayejua anaumwa.

Hapo pa mwisho ndo penye shida. Wanaume weusi Marekani wanakufa kwa tezi dume kama mara 2 ya wazungu na bado kila mmoja anaugua kivyake chumbani. Hizo sindano zinakula misuli na mifupa, kwa hiyo mazoezi ya uzito yanamfaa sana (kama kansa imefika kwenye mifupa, daktari aseme kwanza). Sio lazima atangaze madhabahuni, atafute mzee mwenzake mmoja tu wa kutembea naye. YMCA nyingi (vile vituo vya mazoezi vya jamii) pia wana programu ya Livestrong ya wiki 12 kwa waliougua kansa, humo ndani hakuna wa kumuuliza maswali maana wote wamepitia.

Nabeba boksi masaa 10 kwa siku, na bado unanihubiria mazoezi?

Una haki ya kukasirika. Vipeperushi vya hospitali ukivisoma utadhani kila mtu ana jioni yake. Lakini kazini mwendo anapanga supavaiza, sio wewe, na ule uchovu wa kansa una tabia ya ajabu, ukiulalia unazidi. Wataalamu wanasema dakika 30 mara 3 kwa wiki zinaupunguza. Huna 30, anza na 10 siku ya ofu.

Mume hataki nikimbie mtaani kwetu, wengi ni wazungu. Anazidisha?

Hazidishi. Februari 2020 kule Georgia, Ahmaud Arbery, miaka 25, alikuwa anakimbia mchana kweupe, wazungu watatu wakamfukuza kwa magari, wakamuua kwa risasi. Siwezi kukwambia uende tu na Mungu yupo. Tafuta wenzio, kuna kikundi cha GirlTrek, walioianzisha ni T. Morgan Dixon na Vanessa Garrison, wanawake weusi wanatembea dakika 30 kwa siku, wengi kwa makundi. Au nenda mall asubuhi kabla maduka hayajajaa, wamama wengi wanafanya hivyo na baridi huisikii.

Kucheza muziki kunahesabika?

Kunahesabika kabisa, mradi ufike pale unapoweza kuongea ila kuimba huwezi. Weka sebene sebuleni dakika 20. Ila kama kemo imekuachia ganzi miguuni vaa raba, usicheze na soksi kwenye sakafu ya mbao.